Jiko la chuma la kuni lenye oveni: kuliwasha, kuoka nalo na kuliepusha na moto wa bomba

Katika nyumba za nyanda za baridi, kuanzia Limuru na Molo hadi Lushoto, Mufindi na Njombe, bado yapo majiko mazito ya chuma cha kusubu yenye oveni ubavuni na bomba linalotoboa paa. Kenya wengi huyaita Dover, hata lile lililochomelewa na fundi wa mtaani. Malalamiko juu yake ni yale yale kila mahali: linakula kuni, linajaza nyumba moshi, mkate unaungua juu na chini unabaki mbichi. Mara nyingi jiko halina kosa. Kosa ni kuliendesha kama mafiga, yaani kushindilia magogo, kisha joto likizidi kulibana pumzi.

Shika hili kabla ya yote: joto la jiko hili hupimwa kwa kuni unazotia, si kwa hewa unayolinyima. Moto mdogo wenye ndimi za manjano huoka vizuri, hutumia kuni chache na hauachi lami bombani. Moto mkubwa uliobanwa hufanya kinyume cha yote hayo.

Moshi unapita wapi

Chumba cha moto kiko upande mmoja, mara nyingi kushoto, na oveni iko kando yake. Chini ya moto kuna wavu wa chuma, chini ya wavu trei ya majivu, na mbele ya trei kidirisha cha hewa. Juu ni bamba la kupikia lenye vifuniko vya duara. Karibu na tundu la bomba, nyuma, pana kibamba kinachovutwa au kusukumwa kwa mpini. Hicho ndicho kigeuza moshi, na nyumba nyingi zenye jiko hili hakuna anayejua kazi yake.

Kikiwa wazi, moshi hutoka chumba cha moto na kwenda bombani moja kwa moja. Kikifungwa, moshi haupati njia ila kuizunguka oveni: hupita juu yake, hushuka ubavu wa mbali, hutambaa chini ya sakafu yake, kisha hupanda nyuma na kuingia bombani. Hivyo ndivyo oveni inavyopata joto pande zote, ingawa ubavu unaopakana na moto daima huwa mkali zaidi.

Hapo ndipo yanapozaliwa makosa mawili ya kila siku. La kwanza ni kuwasha jiko baridi kigeuza moshi kikiwa kimefungwa: moshi bado hauna joto la kuusukuma safari ndefu hiyo, basi hurudi kupitia mlango na kila upenyo. La pili ni kusahau kukifunga moto ukishashika. Bomba litakuwa jekundu na oveni vuguvugu, na joto lote ulilolipasulia kuni litakwenda kupasha ndege waliotua juu ya bati.

Mabomba mengine yana kibamba cha pili, cha duara, ndani ya bomba lenyewe, juu ya jiko. Hicho ni kizuizi cha bomba. Hupunguza mvuto pale upepo unapokuwa mkali. Kama chako kinaziba bomba lote kikifungwa, kikate pembe ili pabaki uwazi wakati wote. Sababu yake iko kwenye sehemu ya hewa ya sumu.

Kuni ndizo nusu ya kazi

Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Kila kilo ya maji hayo huhitaji takriban megajuli 2.6 za joto ili ipashwe na kugeuka mvuke, na joto hilo linatoka kwenye kuni hizo hizo. Lakini hasara kubwa zaidi iko kwingine: moto hupoa, gesi zinazotoka kwenye mti hazishiki, hupanda bombani zikiwa moshi mzito na kuganda kwenye kuta zake. Kwa hiyo kuni mbichi hukuibia mara mbili, kwanza jikoni, halafu siku ya kusugua bomba.

Lengo ni unyevu usiozidi asilimia 20. Mkaratusi na mwati hutoa kuni nzito zenye makaa yanayodumu, nazo ndizo bora kwa kuoka. Zipasue zikiwa bado mbichi. Mkaratusi uliokauka ukiwa gogo zima hurudisha shoka. Vipande vyembamba vinaweza kukauka kwa miezi 6 mahali penye jua na upepo, vinene vikahitaji mwaka. Msindano hukauka haraka, huwaka kwa kishindo na kwisha upesi, basi ni mti wa kuwashia na wa kupandisha joto la oveni pale linapozubaa. Unasingiziwa kuziba mabomba kwa sababu ya utomvu wake, lakini msindano mkavu hauna hatia. Mbichi ndio wenye kesi, kama mti mwingine wowote. Mgrevilea uko katikati: si mkali, si mvivu.

Panga kuni juu ya mawe au nguzo, sentimita 15 kutoka ardhini, na uziezeke kwa bati juu tu. Pande ziachwe wazi. Anayezifunga kwa turubai kote huzifungia maji yake ndani na kuziotesha ukungu.

Ukitaka kujua kama zimekauka, gonganisha vipande viwili: kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa kishindo kizito. Angalia na ncha zake, kama zina nyufa zinazotoka kwenye kiini, na kama gamba linabanduka lenyewe. Kwa uhakika zaidi tumia mizani ya jikoni. Pasua gogo, kata kipande cha gramu 200 kutoka katikati (ncha hukauka mapema na zitakudanganya), kiweke kwenye oveni ya nyuzi 100 hivi na ukipime kila baada ya saa moja mpaka uzito uache kushuka. Kikiishia gramu 160 au zaidi, kuni hizo zilikuwa na maji asilimia 20 au pungufu, na ziko tayari. Kikiishia gramu 130, rudisha rundo lote juani.

Urefu wa kipande uwe pungufu ya chumba cha moto kwa sentimita 4 au 5. Kwa kuoka, unene wa sentimita 4 hadi 6 unatosha. Kwa kupikia maharage au kupasha nyumba, sentimita 8 hadi 10. Weka pia ndoo ya vibanzi vya unene wa kidole. Magunzi makavu ya mahindi nayo ni viwashio vizuri sana.

Visivyoingia kabisa: vipande vya nguzo za umeme na za uzio zilizotiwa dawa, hasa zile zenye rangi ya kijani, kwa sababu dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromi na aseniki, na aseniki hubaki kwenye majivu na kutoka na moshi. Mbao zilizopakwa rangi na plaiwudi zina gundi na kemikali. Plastiki, hata mfuko mmoja wa kuwashia, hapana. Kwa walio pwani, mbao kuukuu za jahazi na magogo yaliyookotwa ufukweni yana chumvi, na chumvi ikiungua hula chuma cha bomba. Mkaa wa gunia nao si wa jiko hili: huwaka kwa joto kali lililokusanyika juu ya wavu na kuupinda, na hutoa hewa ya sumu nyingi bila moshi wa kukuonya.

Mahali pa jiko na njia ya bomba

Kama unalirithi jiko lililokwisha kufungwa, vipimo hivi ni vya kukagua; kama unalifunga upya, ni vya kufuata. Jiko lisilo na ngao likae angalau sentimita 90 kutoka ukuta wa mbao, kabati au pazia. Bomba la bati moja likae sentimita 45 kutoka chochote kinachoshika moto. Sakafu ya mbao ifunikwe kwa tofali au bamba linalotokeza sentimita 45 mbele ya mlango wa moto, maana hapo ndipo makaa huanguka.

Watu huogopa paa la bati bila sababu na kusahau fito na dari. Bati haliungui, mbao inayogusana na bomba ndiyo inayokauka mwaka baada ya mwaka mpaka siku moja inashika. Kata dari na fito mbali na bomba, uziba nafasi hiyo kwa bati, au utumie bomba la kuta mbili linalotengenezwa kwa kazi hiyo. Nyumba ya makuti au nyasi haifai kabisa kwa jiko la bomba.

Bomba la kipenyo cha sentimita 15 linatosha majiko mengi, ila lisiwe jembamba kuliko tundu la jiko lenyewe. Lisipande chini ya mita 4 au 5 kutoka jikoni hadi kileleni. Nje, lipite sehemu ya paa linapotokea kwa sentimita 90, na liwe juu zaidi kwa sentimita 60 kuliko chochote kilicho ndani ya mita 3, uwe mgongo wa paa au tangi la maji. Bomba fupi lililojificha nyuma ya mgongo wa paa hupuliziwa moshi chini kila upepo ukivuma. Kona zisizidi mbili, na sehemu iliyolala ipande walau sentimita 2 kwa kila mita.

Jambo moja dogo mafundi wengi hulikosea: ncha nyembamba ya kila kipande cha bomba ielekee chini, iingie ndani ya kipande kilicho chini yake. Ikiwekwa kinyume, lami hutiririka nje kwenye maungio na kuchafua ukuta kwa mistari myeusi isiyotoka.

Kuwasha

Jiko jipya, au lililokaa miaka bila kutumika, lisipewe moto mkubwa siku ya kwanza. Liwashie mioto mitatu midogo ya vibanzi, kila mmoja wa nusu saa hivi, ukiliacha lipoe kabisa katikati. Chuma cha kusubu kina unyevu na mikazo ndani yake, kikishtuliwa hupasuka.

1. Toa majivu yote kwenye trei. Tikisa wavu mpaka uone mwanga kupitia matundu yake.

2. Kama jiko lina tangi la maji, lijaze sasa. Usimwage kamwe maji baridi ndani ya tangi lililopata moto likiwa tupu.

3. Fungua kidirisha cha hewa, kigeuza moshi na kizuizi cha bomba. Vyote vitatu.

4. Asubuhi ya baridi, hewa iliyomo bombani ni nzito na haitaki kupanda. Washa karatasi moja iliyokunjwa na uishike karibu na tundu la bomba, kupitia kilango cha kusafishia au kifuniko cha nyuma cha bamba. Ukisikia mvumo, bomba limeamka.

5. Laza vipande viwili vya unene wa sentimita 4 juu ya wavu, vikiachana. Juu yake panga vibanzi kwa kupishana kama fito za chanja, tabaka mbili au tatu, na katikati utie karatasi au magunzi. Washa, funga mlango. Mafuta ya taa yasikaribie. Petroli hata kuitaja usiitaje. Mvuke wake hujaa ndani ya chumba cha moto na kulipuka usoni kwa anayefungua mlango.

6. Vibanzi vikishashika vizuri, baada ya dakika 5 hadi 10, ongeza vipande viwili au vitatu. Ongeza moto ukiwa na ndimi, si baada ya kufifia.

7. Bomba likishapata joto, kwa kawaida dakika 15 hadi 20 tangu kuwasha, funga kigeuza moshi. Tazama mlango wa moto kwa dakika moja. Moshi ukichungulia, fungua tena na usubiri dakika 5.

8. Punguza kidirisha cha hewa hadi nusu au theluthi. Ndimi zibaki hai. Zikilegea na kuwa nyekundu zenye moshi mweusi, umebana mno.

Njia rahisi ya kujipima ni kutoka nje na kuangalia kileleni mwa bomba. Moto mzuri hutoa mtetemo wa hewa au mvuke mwepesi. Moshi mzito wa kijivu ni kuni zako zinazoondoka bila kuungua.

Kuoka

Oveni ya chuma haina haraka. Tangu kufunga kigeuza moshi mpaka iwe tayari kwa mkate, hesabu dakika 45 hadi saa nzima, na unachokifanya kwenye moto sasa kitaonekana kwenye oveni baada ya dakika 10 au 15. Wanaoanza huona kipimajoto kimelala wanatia magogo mawili, baada ya robo saa joto limepita kiasi, wanafunga hewa, linaporomoka, wanatia tena. Mkate hauwezi kuiva kwenye bembea hiyo.

Kipimajoto kilichobandikwa mlangoni husoma joto la mlango, ambalo mara nyingi liko chini ya joto la katikati. Nunua kile kidogo cha kusimamisha kwenye chanja. Kama huna, tumia unga wa ngano: tandaza kijiko cha chai kwenye sahani ya bati, weka katikati ya oveni, funga dakika 5. Ukitoka na rangi ya kikahawia hafifu, oveni iko nyuzi 120 hadi 160. Rangi ya dhahabu ni 160 hadi 200. Kahawia iliyokolea ni 200 hadi 230. Ukikolea kabla ya dakika 3, iko juu ya 230, na hapo hata boflo litalia.

Boflo na mikate ya kawaida huanza vizuri kwenye nyuzi 210 au 220 kisha hushuka yenyewe hadi 190. Skonzi ni 190 hadi 200. Keki na mkate wa kumimina hutaka 170 hadi 180, tena bila kuyumba. Nyama ya paja huvumilia zaidi, 160 hadi 180 kwa muda mrefu.

Joto likifika unapotaka, hali ya moto iwe hivi: kitanda cha makaa mekundu cha sentimita 3 hadi 5, na juu yake kipande kimoja au viwili vyembamba vinavyowaka. Kuanzia hapo tia kipande kimoja kila baada ya dakika 10 hadi 15, kwa saa kama mwadhini. Jiko la ukubwa wa kawaida likioka hivyo hutumia takriban kilo 1.5 hadi 2 za kuni kavu kwa saa. Ukiona unapita hapo sana, ama kuni ni mbichi, ama kigeuza moshi hakizibi, ama hewa inaingia pasipostahili.

Geuza chombo nusu mduara katikati ya muda, kwa kuwa ubavu wa moto hutangulia. Usifanye hivyo kwa keki kabla haijasimama. Theluthi mbili ya muda ipite kwanza.

Joto likizidi, hatua ya kwanza ni kufungua kigeuza moshi nusu ili joto lipite juu kwa juu. Halafu fungua mlango wa oveni kwa upana wa kidole kwa dakika chache. Kidirisha cha hewa kipunguze kidogo tu. Unaweza pia kuweka sufuria ya maji juu ya bamba iibe joto. Usimwagie moto maji wala kugusisha kitambaa kilicholowa kwenye chuma chenye moto: ufa wa chuma cha kusubu hauzibiki kwa urahisi, na mchomeleaji wa kawaida atauongeza.

Joto likipungua ghafla, tia vibanzi vitatu vya msindano, si gogo. Gogo kwanza hunyonya joto ndipo litoe.

Juu ya bamba mambo ni rahisi. Sehemu iliyo juu ya moto ni ya kuchemsha na kukaanga, katikati ni ya wali na ugali, na pembe ya mbali ni ya kuweka chai isipoe. Unasogeza sufuria badala ya kugeuza swichi. Tumia sufuria zenye kitako bapa. Zile za kitako cha duara zinazokaa vizuri kwenye mafiga hugusa bamba sehemu ndogo tu.

Makosa yanayojitokeza na yanakotoka

*Mkate umeungua juu, chini ni mweupe.* Majivu mepesi na masizi yamejaa chini ya sakafu ya oveni, nayo huzuia joto kama blanketi. Karibu kila jiko lina kilango kidogo chini ya mlango wa oveni au ubavuni. Fungua, ingiza kikwangua chenye mpini mrefu, vuta kila kitu nje. Safisha pia juu ya oveni, kwa kuinua vifuniko na bamba. Hapo juu, hata hivyo, usikwangue mpaka chuma kitupu kama oveni yako ina tabia ya kuunguza juu: tabaka jembamba la majivu, chini ya sentimita 1, hutuliza ukali huo. Ujanja huu ni wa zamani na bado haujapata mpinzani.

*Oveni haipandi kupita nyuzi 150.* Angalia kwanza kama kigeuza moshi kimefungwa kweli. Kutu hula kingo zake, nacho hufungwa kwa mpini tu huku moshi ukipita pembeni. Kisha angalia masizi, kisha kuni.

*Moshi hurudi mlangoni ukifungua.* Fungua kigeuza moshi na ukae sekunde kadhaa kabla ya kufungua mlango, na uufungue polepole. Ikiendelea hivyo kila siku, bomba limeziba au ni fupi, au chumba kimezibwa hewa. Fungua dirisha kwa upana wa kiganja ujaribu tena. Ndege nao hujenga viota kwenye mabomba yaliyolala msimu mzima.

*Moto haudhibitiki hata kidirisha kikifungwa.* Hewa inaingia kwenye nyufa. Washa kijiti cha ubani na ukipitishe polepole kwenye kila ungio jiko likiwaka. Mahali moshi wa ubani unaponyonywa ndani, hapo ndipo penye tundu. Ziba kwa simenti ya kuhimili moto, si simenti ya nyumba, ambayo hupasuka. Kwa mlango wenye kamba ya kuziba, bana kipande cha karatasi jiko likiwa baridi: kikitoka bila kushikwa, kamba imechoka.

*Wavu umepinda.* Majivu yaliachwa yakajaa trei mpaka yakagusa wavu. Hewa baridi inayopita chini ndiyo inayoupoza. Ikizibwa, chuma hulainika na kulegea. Trei ya majivu ni kazi ya kila asubuhi.

Masizi, lami na moto wa bomba

Moshi ukigusa bomba lililopoa huacha kwanza masizi makavu, kisha lami ya moshi, ambayo mafundi huiita kriosoti. Ikiwa kavu hutoka kwa brashi. Ikishakuwa tabaka linalong'aa kama lami ya barabara, brashi huteleza tu juu yake, na hiyo ndiyo inayowaka.

Ligonge bomba kwa ukucha mara kwa mara: safi hulia, lenye mzigo hutoa sauti butu. Tabaka likifika milimita 3, sugua. Kwa jiko linalowashwa kila siku kwa kuni kavu, kusugua kila baada ya miezi 2 au 3 kunatosha. Kwa kuni mbichi, hata mwezi mmoja ni mrefu. Tumia brashi ya waya yenye kipenyo cha bomba, ukisukuma kutoka juu au ukifungua vipande chini, jiko likiwa baridi kabisa, mlango umefungwa na gunia lililolowa limeziba tundu la jiko. Funga pua na mdomo. Minyororo na mawe yanayotumbukizwa bombani huvunja maungio, achana nayo.

Bomba likishika moto utalijua: mngurumo kama wa lori linalopanda mlima, bomba linatetemeka, cheche zinaruka juu ya paa. Funga kidirisha cha hewa, kizuizi cha bomba na kila kilango. Usiufungue tena mlango wa moto. Watoe watu wote nje na uite zimamoto, 114 Tanzania, 999 au 112 Kenya. Ukiweza, lowesha vitu vilivyo karibu na bomba na majani yanayozunguka nyumba. Maji yasimwagwe ndani ya bomba, kwa kuwa hugeuka mvuke papo hapo na kulipasua. Moto ukizimika, jiko lisiwashwe tena mpaka bomba lote likaguliwe, pamoja na mbao za darini, ambazo zinaweza kuendelea kufuka kwa saa nyingi bila mtu kujua.

Hewa ya sumu

Makaa mekundu yasiyo na ndimi hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na watu wengi hudhani ni malaria au usingizi. Ndiyo sababu kizuizi cha bomba hakifungwi kabisa usiku ili "kuhifadhi moto", na mlango wa moto hauachwi wazi makaa yakiwa hai. Dirisha la chumba cha kupikia libaki na upenyo. Mtu akilalamika kichwa na wa pili akalalamika muda huo huo, tokeni nje nyote kwanza, mjadili baadaye, kisha muende hospitali.

Kama jiko lako lina koili au tangi la maji lililounganishwa na mabomba ya nyumba, lazima pawe na bomba la wazi linalopanda juu bila vali yoyote, mvuke upate pa kutokea. Tangi lililofungwa pande zote juu ya moto ni bomu. Hilo afunge fundi anayelijua, na likaguliwe kila mwaka kama kuna chokaa iliyoziba.

Watoto wakae nyuma ya mstari au kizuizi cha mita 1 kutoka jikoni. Shikia vyombo kwa kitambaa kikavu cha pamba. Kilicholowa hupitisha mvuke, na cha nailoni huyeyuka mkononi. Aliyeungua apoozwe kwa maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala asali.

Majivu

Makaa yaliyofukiwa na majivu huweza kukaa hai siku tatu au nne. Yatie kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, uiweke nje juu ya ardhi au jiwe, mbali na ukuta, na usiyachanganye na takataka za karatasi. Ndoo ya plastiki na kiroba ndivyo vilivyounguza stoo nyingi.

Yakishapoa, chekecha. Vipande vya mkaa virudi kwenye moto wa kesho. Majivu laini huongeza chokaa na potasiamu kwenye udongo, hivyo yanafaa kwa kabichi, vitunguu na migomba, kiasi cha kopo la kilo moja kwa mita 10 za mraba mara moja kwa mwaka. Yaepushe na chai, inayopenda udongo mchachu, na na matuta ya viazi mviringo, ambavyo hupata ukoko wa magamba udongo ukipoteza uchachu.